Kinga iliyomo kwenye mate na kuoza kwa meno ya watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazazi wengi wameshasikia kwamba mate ya mtoto yanaweza kupimwa ili kujua kama meno yake yataoza. Wengine wameambiwa kabisa kuwa kinga ya mdomoni mwa mtoto wao ni ndogo, wakarudi nyumbani na hofu na wasijue la kufanya. Majibu haya ni kwa ajili yao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: utafiti wa kinga kwenye mate una thamani kubwa, lakini haujafika mahali pa kumwambia mzazi mmoja nini kitatokea kwa meno ya mtoto wake mmoja.

Mate yana nini zaidi ya maji?

Maji ni takriban asilimia 99. Hiyo asilimia moja inayobaki ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ndani yake kuna kalsiamu na fosfeti, yaani madini yale yale yanayojenga jino. Kuna bikaboneti inayopunguza makali ya asidi. Na kuna protini za aina nyingi, zikiwemo za kinga. Mate hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, zilizoko mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa.

Viashiria vya kinga ni vitu gani hasa?

Ni vitu vya mfumo wa kinga vinavyoweza kupimwa kwenye mate, na kiasi chake kikatupa habari ya kinachoendelea mdomoni. Vimegawanyika makundi matatu hivi.

La kwanza ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazotambua na kushika vijidudu, hasa imunoglobulini A, ambayo kwa kifupi huitwa IgA. Hii ndiyo kingamwili iliyo nyingi zaidi kwenye mate. Aina nyingine, IgG, ipo pia, lakini nyingi yake hutokana na damu, ikipenya kupitia mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi.

La pili ni protini na peptidi (vipande vifupi vya protini) zinazopambana na vijidudu bila kusubiri kuvitambua kimoja kimoja. Lisozaimu, ambayo Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, hukata ukuta wa bakteria. Laktoferini hunyakua chuma ambacho bakteria wanakihitaji ili waishi. Halafu kuna defensini, histatini na peptidi iitwayo LL-37, ambazo nyingi hufanya kazi kwa kutoboa utando wa nje wa kijidudu.

La tatu ni saitokaini, kama vile IL-6, IL-8 na TNF-alfa. Hizi haziui chochote. Ni ujumbe unaopelekwa kutoka seli hadi seli kusema kwamba kuna uvimbe au mashambulizi.

Kabla ya kwenda mbali, jino huozaje?

Bakteria waliomo kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi imezidi) kwenye uso wa jino hadi karibu 5.5, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini. Mtoto akila kitu chenye sukari, pH hushuka ndani ya dakika chache, kisha mate huipandisha taratibu, na kwa kawaida inachukua nusu saa hadi saa nzima kurudi ilikokuwa. Katika muda huo wa kupanda, kalsiamu na fosfeti za kwenye mate hurudi kwenye jino. Shimo hutokea pale ambapo vipindi vya kupoteza vimezidi vipindi vya kurudishiwa kwa miezi mingi mfululizo.

Bakteria anayetajwa zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. Kilian Clarke mwaka 1924. Sukari ya kawaida ya mezani humfaa mara mbili: anaitumia kutengeneza asidi, na anaigeuza kuwa gundi inayomshikilia yeye na wenzake kwenye jino. Lakini hayuko peke yake. Kwenye meno ya watoto wadogo yaliyooza sana hukutwa pia bakteria wengine kama laktobasili na Scardovia wiggsiae, na hata fangasi Candida albicans.

Kwa hiyo mtoto mwenye IgA nyingi kwenye mate amelindwa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

IgA ya kwenye mate hutengenezwa na seli zilizomo ndani ya tezi zenyewe. Hutoka zikiwa zimeunganishwa mbili mbili, na huvikwa kipande cha protini kinachozikinga zisiharibiwe upesi na vimeng'enya, yaani protini zinazovunja au kujenga vitu vingine. Kazi yake kubwa si kuua. Huwashika bakteria, huwakusanya katika mafungu na kuwazuia wasinate kwenye jino, nao huishia kumezwa. Baadhi ya kingamwili hizi hulenga moja kwa moja vile vimeng'enya ambavyo S. mutans hutumia kutengeneza gundi yake.

Ukiishia hapo, utatarajia watoto wenye IgA nyingi wawe na meno mazima. Ziko tafiti zilizokuta hivyo. Ziko nyingine zilizokuta kinyume chake, kwamba wenye meno yaliyooza ndio wenye IgA nyingi, na nyingine hazikuona tofauti yoyote. Msomaji wa haraka atasema watafiti wamechanganyikiwa. Mimi naona matokeo yote hayo yanaweza kuwa sahihi kwa pamoja. Ukikuta askari wengi mtaani, huwezi kujua kwa kuwahesabu tu kama mtaa una amani kwa sababu wapo, au wamekuja kwa sababu kuna vurugu. IgA nyingi inaweza kuwa ulinzi uliotangulia ugonjwa, na inaweza kuwa mwitikio wa mwili kwa bakteria waliokwisha kujaa.

Kuna na jambo la umri. Mtoto anazaliwa na IgA kidogo mno kwenye mate, kisha inaongezeka wiki hadi wiki na mwaka hadi mwaka katika utoto wake. Meno yaliyotoboka nayo huongezeka kadiri miaka inavyopita. Ukilinganisha mtoto wa miaka miwili na wa miaka sita bila kuzingatia hilo, unaweza kudhani IgA inaozesha meno.

Zaidi ya hayo, kupima IgA yote kwa jumla si sawa na kupima ile inayomlenga S. mutans peke yake. Na baadhi ya bakteria wa mdomoni, akiwemo Streptococcus sanguinis, wana kimeng'enya kinachokata aina moja ya IgA vipande viwili, kwa hiyo iliyohesabiwa maabara si lazima yote iwe inafanya kazi.

Defensini na LL-37 je? Nimesikia hizo ndizo zenye matumaini.

Zina sababu ya kutazamwa kwa makini. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulikuta kwamba watoto wa shule wasio na meno yaliyooza walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha alfa-defensini, zile zitokanazo na chembe nyeupe za damu, kuliko wenzao wenye meno mabovu. Katika utafiti huo huo, LL-37 na beta-defensini moja iliyopimwa havikuonyesha tofauti hiyo. Ndiyo maana napenda utafiti ule: haukulazimisha kila kitu kikubaliane. Tafiti zilizofuata kwingineko zimeleta majibu mchanganyiko.

Na saitokaini zikiwa juu?

Mara nyingi zinaeleza uvimbe uliokwishakuwepo. Jino lililooza hadi karibu na kiini, ufizi unaovuja damu, hata jino jipya linalojitokeza, vyote vinaweza kuzipandisha. Kwa kutabiri nani ataoza meno mwakani, hizi ndizo ninazozitegemea kidogo kuliko zote.

Mbona tafiti zinapingana kiasi hiki? Si ni kupima tu?

Kupima mate ya mtoto ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Hebu fikiria mtoto wa miaka mitatu ameketi, kidevu kimeinama kifuani, anaambiwa auache udenda udondoke wenyewe kwenye kichupa. Dakika mbili hazijaisha ameshameza, amecheka, au ameanza kulia. Wengine hukataa kabisa, na mtafiti analazimika kumwekea sponji ndogo chini ya ulimi au kunyonya mate kwa bomba jembamba. Sponji hiyo inaweza kubakiza baadhi ya protini ndani yake, na ikiwekwa chini ya ulimi itachukua mate ya tezi za hapo kuliko ya tezi za mbele ya masikio. Kwa hiyo namna ya kuchukua tu imeshabadilisha jibu.

Halafu muda. Kiasi cha mate na cha protini zake hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Mtoto aliyetoka kula au kupiga mswaki hatoi mate yale yale aliyoamka nayo. Jino la utoto linalolegea likitoa damu kidogo, kingamwili za damu huingia kwenye kichupa. Mbio, mafua na hofu ya koti jeupe, vyote vina athari yake.

Kisha kuna kasi ya mate. Mtoto anayetoa mate mengi anaweza kuwa na IgA iliyo nyepesi kwa kila mililita, na bado kwa dakika moja akawa ametoa nyingi kuliko mwenzake. Utafiti usioeleza kasi ya mate nausoma kwa tahadhari.

La mwisho, tafiti nyingi huwapima watoto mara moja tu, siku ile ile wanapohesabiwa meno. Kujua kipi kilitangulia kunahitaji kuanza na watoto ambao meno yao bado ni mazima na kuwafuata kwa miaka. Tafiti za namna hiyo ni ghali na zinachosha, lakini ndizo zenye jibu.

Wapo watoto wasio na IgA kabisa. Hao meno yao huisha?

Hili ni swali zuri sana, maana ni jaribio ambalo maumbile yenyewe yameshalifanya. Upungufu wa IgA pekee ndio upungufu wa kinga wa kuzaliwa unaoonekana mara nyingi zaidi, na wengi walio nao hawajui kama wanao. Ingekuwa IgA ndiyo nguzo pekee, watu hawa wangepoteza meno mapema. Haionekani hivyo. Wengi wao mwili hutumia kingamwili ya aina nyingine, IgM, badala yake, ikipitishwa kwenye tezi kwa njia ile ile.

Walinganishe na mtu ambaye tezi zake za mate zimeharibiwa na mionzi ya kutibu saratani ya kichwa au shingo. Huyo meno huweza kuoza vibaya katika miezi michache, tena sehemu ambazo kwa kawaida haziozi. Kwa hiyo kuwepo kwa mate, wingi wake na mwendo wake, kuna uzito kuliko kiashiria kimoja kilichomo ndani yake.

Nimpeleke mtoto akapimwe kinga ya mate?

Kama ni utafiti wenye kibali cha kamati ya maadili na maelezo umeyaelewa, mruhusu. Utakuwa umesaidia. Kama ni kipimo unachouziwa ili kikuambie mtoto ataoza meno, tunza hela yako. Hadi sasa kitu kinachotabiri kwa nguvu zaidi kuoza kwa meno mapya ni kama mtoto ameshawahi kuoza meno, na hilo linaonekana kwa macho.

Kuna namna ya kuona dalili za mapema nyumbani?

Ndiyo. Mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako, uso wake ukiangalia juu, penye mwanga wa kutosha. Nyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole. Futa meno ya mbele kwa kitambaa safi, kisha tazama pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, kama alama ya chaki, hayo ni madini yanayoondoka. Shimo bado halijatokea. Katika hatua hiyo jino linaweza kurudishiwa madini kwa floridi na kwa kupunguza sukari, bila kuchongwa. Mstari ukishakuwa wa njano au kahawia na umeanza kubonyea, umechelewa kidogo, lakini nenda tu.

Kwa nini meno ya mbele ya juu huanza, na ya chini yanabaki mazima?

Kwa sababu ya mate. Tezi za chini ya taya na chini ya ulimi hufungulia nyuma tu ya meno ya mbele ya chini, hivyo meno hayo yanaogeshwa mfululizo, na ulimi huyafunika mtoto anaponyonya. Meno ya juu ya mbele hayapati neema hiyo. Na mtoto akilala, mate hupungua karibu kukatika. Chupa yenye maziwa yaliyotiwa sukari au sharubati ikibaki mdomoni usiku, sukari hukaa kwenye meno ya juu kwa saa nyingi bila chochote cha kuisafisha wala kuipoza asidi. Kinga zote tulizozitaja hapo juu husafiri ndani ya mate. Mate yasipofika, nazo hazifiki.

Maziwa ya mama yana IgA. Yanakinga meno au yanayaozesha?

Maziwa ya mama, hasa yale ya siku za kwanza, yana IgA nyingi sana na laktoferini. Kunyonyesha katika mwaka wa kwanza hakumwongezei mtoto hatari ya meno, na kuna ushahidi kwamba kunamlinda. Baada ya mwaka mmoja, tafiti zimeona hatari ikiongezeka kwa watoto wanaonyonya mara nyingi usiku, hasa pale ambapo wanapewa pia vitu vitamu na hawapigwi mswaki. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, nami siwezi kumwambia mama aache. Endelea kunyonyesha. Ondoa sukari nyingine, na msafishe meno kabla ya kulala.

Dawa anazotumia mtoto zinaweza kuathiri mate?

Zinaweza. Baadhi ya dawa za mzio hukausha mdomo. Dawa za pumu za kuvuta zinaweza kupunguza mate, basi asukutue kwa maji baada ya kuvuta. Dawa za maji nyingi hutiwa sukari ili zimezeke. Muulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari, na kama haipo, ajitahidi kunywa kabla ya mswaki wa usiku na si baada yake. Usimsimamishie mtoto dawa kwa ajili ya meno bila kuzungumza na daktari.

Vidonge vya kuongeza kinga vitasaidia meno?

Hapana.

Bakteria hawa mtoto huwapata wapi? Niache kumbusu?

Wengi huwapata kwa watu walio karibu naye, mara nyingi mama, kupitia mate. Zamani ilidhaniwa kuna dirisha maalumu la kuambukizwa, kati ya miezi 19 na 31. Baadaye bakteria hao walikutwa hata kwa watoto ambao hawajaota jino. Usiache kumbusu mwanao. Tibu meno yako mwenyewe, na usitafune chakula ndipo umpe. Bakteria peke yao bila sukari ya mara kwa mara hawana nguvu hiyo inayoogopwa.

Chanjo ya meno itakuja?

Imetafutwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1969 William Bowen alichapisha majaribio ya awali kwa nyani, na tangu hapo makundi mbalimbali yamejaribu kuufundisha mwili utengeneze IgA dhidi ya protini za S. mutans. Wanyama wengi walilindwa kwa kiasi. Lakini hakuna chanjo iliyoruhusiwa kwa matumizi ya watu. Vikwazo ni vingi: kulikuwa na wasiwasi wa zamani kwamba kingamwili fulani zingeweza kugusa misuli ya moyo, ugonjwa unasababishwa na bakteria wengi na si mmoja, na chanjo ya ugonjwa usioua papo hapo inatakiwa iwe salama kupita kiasi. Kazi hiyo haikupotea bure, kwani sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kinga ya mdomoni imetoka huko.

Basi nifanye nini sasa, wakati utafiti unaendelea?

Yape mate nafasi ya kufanya kazi yake. Hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mtoto anayekunywa kitu kitamu kidogo kidogo mchana kutwa hamwachii mate ile nusu saa hadi saa ya kurudisha pH na madini. Kitamu kikilazimika, kiwe wakati wa mlo, kiishe. Katikati ya milo, maji. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari zinazoongezwa na zile za asali na sharubati zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ziwe chini ya asilimia 5. Na kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, vinywaji vilivyotiwa sukari asipewe kabisa.

Piga mswaki mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, ukitumia dawa ya meno yenye angalau sehemu 1,000 za floridi kwa milioni. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Mpigie wewe mwenyewe. Mkono wa mtoto wa miaka minne hauwezi kufika kwenye magego. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi.

Mpeleke kwa daktari wa meno kabla hajafika mwaka mmoja. Kuna vanishi ya floridi ya kupaka mara mbili au zaidi kwa mwaka. Kuna pia dawa ya fedha na floridi inayosimamisha shimo bila kuchoma sindano wala kuchonga. Hulifanya doa kuwa jeusi, lakini maumivu na hofu mtoto anaepushwa navyo. Tangu 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ni meno ya utoto tu, si yatang'oka?

Gego la mwisho la utoto hukaa hadi mtoto ana miaka 10 au 12. Kwa muda wote huo analihitaji ale, alale na ajifunze bila maumivu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Ni wakati gani nisisubiri hata kesho?

Uso au taya ikivimba, mtoto akiwa na homa pamoja na maumivu ya jino, akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au uvimbe ukielekea kwenye jicho au chini ya kidevu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kipele chenye usaha kwenye ufizi, hata kama hakimuumi, kinahitaji daktari ndani ya siku chache: kinaonyesha kwamba maambukizi yameshapita kwenye jino na kufika kwenye mfupa, mahali ambapo jino la ukubwani linaendelea kuumbika.